Faili Lililokaa Nyumbani kwa Mtu

Futari zilishatandikwa, masikio ya watu yako redioni, pale Ulfat, fundi kompyuta wa kituo cha redio, alipoona maandishi mekundu kwenye kioo. Skripti ya adhana ya magharibi, yale maagizo yanayoiamrisha mashine irushe adhana, ilikuwa ikilitafuta faili lake, hailioni.

Njia iliyoandikwa pale ilielekea kwenye folda ya Masoud. Asubuhi ile meneja, Bwana Wakil, alimwamuru afute akaunti ya Masoud, fundi aliyeacha kazi, naye akaifuta na folda yake yote. Kumbe mle ndimo Masoud alimoweka maktaba ya skripti: faili moja la maagizo lililoazimwa na skripti zote za kituo.

Alimpigia simu Masoud, aliyekuwa kijijini kwao Bwejuu.

"Nakala ninayo," alisema Masoud. "Nnakutumia sasa hivi."

Wakil alikuwa kashafika mlangoni. "Lirudishe palepale lilipokuwa! Watu wamefunga!"

"Pale ni nyumbani kwa mtu, Bwana Wakil, folda yake binafsi," alisema Ulfat. " Kesho atakuja mwengine kulifuta."

"Sasa litakaa wapi?"

Masoud akajibu kwenye spika ya simu: "Si kwenye folda ya bin, Ulfat. Mle mna amri za kuendeshwa. Hili haliendeshwi, linasomwa na wenzake tu. Liweke kwenye folda ya maktaba, /usr/local/lib."

Ulfat aliliweka, akabadilisha njia katika kila skripti, akajaribu. Skripti ikakataa tena. Faili lilikuwa mali ya msimamizi mkuu wa mashine, na akaunti ya redio haikuwa na ruhusa ya kulisoma. Akaanza kuandika amri ya ruhusa, akakosea herufi, akafuta, akaandika upya.

Simai, mtangazaji wa zamu, alitazama saa ya ukutani. Hakumuuliza mtu. Alifungua maikrofoni, akaadhini mwenyewe, kwa sauti ya mafua, akisita kidogo kila mwisho wa pumzi.

Wakil alikaa kitako, akajishika kichwa. "Ungelirudisha palepale, mashine ingeadhini."

"Naam," alisema Ulfat. "Ingeadhini leo tu."

Alikunywa maji, tende hakuigusa. Aliipa akaunti ya redio ile ruhusa ya kusoma, akajaribu skripti moja moja, kisha akakaa mbele ya kioo akingoja.

Isha ilipoingia, adhana ilitoka yenyewe, safi. Ulfat alishusha pumzi, akafumba macho.

Wakil alimsogezea sahani ya sambusa. "Akaunti za walioondoka zimebaki za nani?"

"Ya Hamid, na ya Bi Shemsa."

"Usiziguse mpaka tuzitazame ndani. Mimi na wewe, pamoja."