Diski Mbili Zilizofanana

Issa Chome alipopatwa na kiharusi, maneno yote yalimtoka isipokuwa moja. Alibaki na "sawa." Ukimuuliza kama ana njaa, sawa. Ukimuuliza kama maji ya kuoga ni ya moto mno, sawa, hata kama yanamchoma. Mkewe Biasha alijifunza kumsoma machoni na katika mkono wa kushoto, maana ule wa kulia ulikuwa umelala.

Walikuwa wakikaa Msambweni, nyumba yao si mbali na hospitali, na kila wiki Biasha alimpeleka kwa dada mmoja aliyekuwa akiwafanyisha wagonjwa mazoezi ya kusema. Siku moja dada yule akauliza kama kuna mahali sauti ya zamani ya Issa imehifadhiwa. Alisema wako wagonjwa wanaosaidika wakisikia maneno yao wenyewe, hasa yale waliyoyazoea sana. Hakuahidi kitu. Lakini Biasha alitoka pale akitembea upesi, kwa sababu alikuwa amekumbuka kompyuta.

Issa alizaliwa Mkwiro, kule kisiwani Wasini, na kwa miaka mingi alikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya Galu. Hoteli ilipobadilisha mashine zake, yeye alipewa moja ya zile kuukuu, akaiweka sebuleni, akanunua na maikrofoni. Watoto wao walikuwa wamezaliwa Msambweni na Kichifundi cha baba yao walikuwa wakikisikia tu, hawakisemi. Basi kila alipokuwa na nafasi aliwakalisha mkekani, akawasimulia hadithi za kwao kwa lugha ya kwao, huku mashine ikirekodi. Iliyopendwa zaidi ni ya pweza aliyekwenda kuposa. Issa alikuwa akiigiza sauti ya shangazi wa pweza, kikongwe mwenye maringo, mpaka watoto wakaanguka kwa kucheka. Sasa watoto walikuwa watu wazima, kila mmoja na kwake, na kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa pembeni mwa kabati. Biasha alipoiwasha ilitoa kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, ikakwama hapo.

Aliifunga kwa kanga, akaipeleka Ukunda, Kona ya Musa, kwa fundi aliyeelekezwa na jirani.

Fundi alikuwa mwanamke, jina lake Christabel. Alikuwa ametoka bara kuja kufanya kazi hotelini, kazi ikaisha, akajifundisha kutengeneza kompyuta. Duka lake lilikuwa chumba chembamba nyuma ya meza ya Kahindi, muuza makava ya simu. Watu walimwamini kwa kuwa kitu kikishindikana alisema kimeshindikana.

"Shikamoo mama," alisema, akaipokea mashine kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Humu ndani mna sauti ya mume wangu. Mashine ikifa na ife, sina haja nayo. Nataka sauti."

Christabel alifungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akaisikiliza ikijaribu kuamka. Diski ilikuwa ikikwaruza.

"Diski imechoka, mama, siwezi kukudanganya. Lakini bado inazunguka. Nitaamsha mashine kwa flashi, si kwa diski yake. Flashi yangu ina programu za kunisaidia kuingia ndani bila kuisumbua sana. Nikizipata hizo faili nazihamisha kwanza. Halafu ndiyo nifomati diski, nione kama itakubali kuwekwa Windows upya, mzee awe anasikilizia hapo hapo nyumbani."

"Kufomati ni kufanya nini?"

"Ni kuifuta yote, ianze upya."

Biasha alimkazia macho. "Baada ya kuhamisha."

"Baada ya kuhamisha, mama. Hiyo ni lazima."

Kesho yake Christabel alichomeka flashi, akaiambia mashine ianzie hapo. Kioo kikawaka. Kwa kuhamishia alichagua diski ya pili, nzima, aliyoitoa kwenye mashine nyingine ya hoteli. Ilikuwa ya kampuni ile ile na ukubwa ule ule, lebo za kijani zikifanana kabisa. Akaziunganisha zote mbili ndani ya kasha. Programu ikaziorodhesha: ya Issa ikawa ya kwanza, ya pili ndiyo ya kupokea. Kazi ya kunakili ikaanza, ikienda polepole, ikisimama kwenye sehemu mbovu na kurudia, na Christabel hakuiharakisha. Ilipofika jioni faili zote za sauti zilikuwa zimevuka.

Alifungua moja kuhakikisha. Chumba kikajaa sauti ya mwanamume mchangamfu akisema maneno ambayo mengi yake yeye hakuyaelewa, kisha sauti ya kikongwe mwenye maringo, kisha vicheko vya watoto. Christabel alijikuta akicheka naye. Hata Kahindi aliingiza kichwa mlangoni kuuliza kuna nini.

Akampigia simu Biasha papo hapo. "Mama, sikiliza," akaisogeza simu kwenye spika.

Upande wa pili akamsikia Biasha akiita, "Issa! Issa, njoo, hapana, kaa, nakuletea!" na miguu ikikimbia. Hadithi ikaendelea. Palipofika shangazi wa pweza, Christabel alisikia katika simu sauti nzito ya mtu akilia na kucheka kwa pamoja, akisema sawa, sawa, sawa.

"Mwanangu," Biasha akasema aliporudi kwenye simu, akapenga kamasi. Baadaye akasema, "Mungu akuweke. Kesho kutwa ni Ijumaa. Nitamwita binti yetu Hafsa aje na wanawe, uje nawe ule nasi."

Laiti Christabel angeichomoa ile diski ya pili siku ile ile, akaitia mfukoni. Aliwaza kufanya hivyo. Lakini mashine ilikuwa wazi, nyaya zimekaa vizuri, na kulikuwa na kazi ya kumalizia. Akaiacha.

Asubuhi yake alikuja kufomati. Kwa diski iliyochoka vile, kufuta kwa juu juu hakutoshi. Inabidi uandike sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, ili sehemu mbovu zijulikane na kuwekwa kando. Aliamsha mashine kwa flashi, akawa anaangalia orodha, na umeme ukakatika Ukunda nzima. Kahindi akatukana nje. Uliporudi, Christabel akawasha upya, akafungua programu ya kufuta, akaona diski mbili zimeandikwa kama jana: kampuni moja, ukubwa mmoja, ya kwanza na ya pili. Akachagua ya kwanza. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Alichokisahau ni kitu anachokijua kila fundi. Mashine ikiwashwa upya huweza kuzipanga diski kwa namna nyingine. Ile dhaifu ya Issa ilichelewa kuamka, na nzima ikatangulia. Namba ndogo ya utambulisho iliyoandikwa pembeni ndiyo ingemwonyesha tofauti, naye hakuitazama.

Mteja wa Galu alikuwa amempigia, printa ya mapokezi imekwama. Christabel akaiacha kazi ya kufuta iendelee, akaenda. Aliporudi ilikuwa imemaliza, maandishi ya kijani yakisema kila kitu kimekwenda vizuri. Akafungua diski ya pili ili aziweke zile hadithi kwenye flashi, ampelekee Biasha. Diski ilikuwa na kila kitu cha Issa, picha za stoo, barua, mafaili ya zamani ya hoteli. Mwanzoni alifurahi. Kisha akasikia ule mkwaruzo.

Akasogeza kiti, akakaa.

"Kahindi," aliita. "Kahindi, kuja uone hii kitu."

"Nini?"

"Nimefuta ya kuhamishia. Nimefuta ile nzima."

Kahindi hakujua kompyuta, lakini aliujua uso wa mtu. "Si ya mzee bado iko? Si unasema iko hapo?"

Ilikuwa ipo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote, kwamba ilikuwa bado ipo, majina ya faili yamejipanga mbele yake. Alichomeka flashi nyingine, akaacha picha, akaacha barua, akaenda moja kwa moja kwenye hadithi, akaanza na ya pweza. Mstari wa kunakili ukasogea kidogo, ukasimama. Diski ikakwaruza, ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Christabel alikuwa akiomba kwa sauti bila kujua. Aliinama mpaka sikio likakaribia chuma. Ikagonga tena, mara hii kwa nguvu, kama ukucha unaopiga bati, kisha ikaacha kuzunguka. Majina yakatoweka kwenye kioo. Alizima, akasubiri ipoe, akawasha. Mashine ikasema ina diski moja tu, nayo ni tupu.

Kahindi alifunga meza yake mapema, akakaa naye mle ndani.

Ijumaa Christabel alikwenda Msambweni. Alikuwa amefikiria kupiga simu, akaona ni woga. Alipobisha hodi alimkuta Biasha amevaa gauni la sikukuu, na harufu ya pilau imejaa mpaka uani. Hafsa alikuwa amekwisha kufika na watoto wake. Issa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, amenyolewa ndevu, amevalishwa kanzu iliyopigwa pasi, na mezani mbele yake kulikuwa na spika ndogo ambayo Hafsa ameileta kwa ajili hiyo.

"Karibu, karibu mwanangu! Mbona huna mzigo? Umeziweka kwenye simu?"

"Mama, sina," Christabel alisema. "Zimepotea."

Biasha alitabasamu, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Zimepotea vipi, nasi tulizisikia?"

Christabel akaeleza. Alieleza akiwa amesimama, kwa maneno machache. Hakuutaja umeme. Alisema, "Nilifuta diski isiyokuwa yenyewe. Niliporudi kwa ya zamani ikafa mkononi mwangu. Ni mimi, mama."

Hafsa ndiye aliyetangulia kulia. Biasha alibaki wima, ameshika mlango. Lakini aliyefahamu kuliko wote ni Issa. Alimtazama Christabel, akaitazama spika, na mkono wa kushoto ukainuka ukapiga mkono wa kiti.

"Sawa," alisema. Akapiga tena. "Sawa! Sawa! Sawa!" Lilitoka kama tusi, lilitoka kama kilio, na mate yakamtoka mdomoni upande ule uliolegea, na wajukuu wakakimbilia nyuma ya mama yao. Alikuwa na mengi ya kusema, yote yakapita mle mle, katika neno lile moja, mpaka akachoka, kichwa kikaanguka kifuani.

Biasha akampangusa kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema bila kugeuka, "Kaa ule, mwanangu. Chakula kimekwisha kupikwa."

Christabel alikula. Hakuweza kukataa, wala hakuonja ladha yoyote.

Alizipeleka diski zote mbili Mombasa, kwa fundi anayezifungua zile zilizokufa. Majibu yalikuwa mafupi. Iliyofutwa ilikuwa sifuri tupu, hakuna kilichobaki chini yake. Ile ya Issa, kichwa cha kusomea kilikuwa kimeanguka juu ya sahani inayozunguka ndani yake na kuikwangua palipokuwa na faili. Aliuliza kama Nairobi kuna awezaye zaidi. Fundi akatikisa kichwa, akamrudishia diski zake kwenye mfuko wa nailoni.

Akaanza kwenda Msambweni kila Jumapili baada ya kanisa. Alipeleka maziwa, alipeleka matunda, alishika upande mmoja Issa alipotembezwa uani. Alitafuta Mkwiro watu waliokuwa na sauti ya Issa katika simu zao, akapata salamu moja ya sikukuu, sekunde chache, upepo umeifunika. Biasha aliisikiliza mara moja, akasema ahsante. Dada wa hospitali alijaribu kumwekea Issa hadithi za watu wengine, Issa akageuza uso ukutani. Baada ya muda alikataa mazoezi kabisa. Kisha akaacha hata lile neno. Biasha akimuuliza kama ana njaa, alimtazama tu.

Jumapili moja Biasha alimsubiri Christabel nje, karibu na barabara, amejitanda leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamshika mkono, akaushika muda mrefu. "Mwanangu, nataka nikuambie jambo, na usilichukue kwa ubaya. Usije tena."

Christabel alizikaza pakiti za maziwa kwa mkono wa pili.

"Nimekusamehe. Nimekusamehe mbele ya Mungu, na Hafsa pia. Lakini kila ukiingia yeye huitazama mikono yako. Anatazama kama bado umebeba. Ukiondoka halali. Nami sina nguvu tena ya kumwambia kwamba hukubeba kitu."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Nenda salama."

Biasha akarudi ndani, akafunga mlango kwa taratibu. Christabel alibaki ukingoni mwa barabara na pakiti za maziwa alizokuja nazo. Gari la Ukunda lilisimama, utingo akamwita, yeye akatikisa kichwa. Likaja jingine, akaliacha pia. Jua lilikuwa kali, na maziwa yalikuwa yakipata joto mikononi mwake.