Namba Iliyotetemeka Usinge

Abbasi alipoondoka kwenda Maskati aliacha mezani kwake chuma cha kulehemu, mkebe wa transista zilizotolewa kwenye redio mbovu, na mashine ambayo hakuna aliyejua kama itafaa kitu. Marcelina ndiye aliyevirithi vyote. Katika karakana ile ya mradi wa maji pale Tabora, hakuna mwingine aliyebaki aliyejua wawili hao walikuwa wakitafuta nini.

Marcelina alitoka Puge, mtoto wa wakulima Wakatoliki, akasomea umeme chuoni na kupangiwa kazi Tabora. Abbasi alikuwa Mwislamu wa Gongoni, mtaa wa zamani wa Tabora, fundi redio, wa ukoo uliofika mjini na misafara ya Ujiji na usiondoke tena. Kwa miaka waliyofanya kazi pamoja hawakuambiana neno la mapenzi. Kila mmoja alijua nyumbani kwao wangesema nini. Lakini kila asubuhi Abbasi alimletea kashata za dada yake, Mwanahawa, akaziweka karibu na mkono wake, na Marcelina alizila polepole ili zifike jioni.

Mashine yao ilikuwa ya kupima maji ya visima vya vijiji vya ujamaa. Boya lilielea kisimani. Maji yakipanda au kushuka, umeme mdogo ulibadilika kinyume nayo, maji yakishuka wenyewe ukapanda, na ndani ya kisanduku kulikuwa na kidude, kigeuzi, kilichoupokea umeme huo na kuutoa kama namba. Shida ni kwamba kigeuzi hicho kilikuwa na ngazi chache. Maji yalipaswa kushuka upana wa vidole viwili ndipo namba ibadilike, na kwa kisima kinachokauka kidogo kidogo, habari ilifika imechelewa. Vigeuzi vyenye ngazi nyingi vilikuwapo, ila havikuenea kwenye kisanduku, na vilikula betri kwa siku chache tu. Betri zenyewe, tangu vita vya Kagera, zilikuwa hazionekani.

Abbasi alihangaika zaidi na kutetemeka kwa namba, kulikoletwa na mitambo ya jirani iliyoingiza mvumo kwenye waya. Aliuzungushia waya karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, akaongeza hiki na kile, mpaka namba ikasimama kama imechorwa. Siku ile alifurahi kama mtoto. Haikupita miezi mingi, ami yake akamwita Maskati, ambako kulikuwa na kazi na ndugu wengi. Stesheni alimwambia Marcelina kwamba atarudi. Marcelina akaitikia kwa kichwa.

Mwaka wa pili tangu aondoke, Marcelina alipanda treni ya Kigoma na mashine ile kwenda Usinge, kukagua kisima cha kijiji kilichokuwa kando ya njia ile ya zamani ya misafara. Mwenyekiti, mzee Ngollo, alimpokea na kumweleza kuwa serikali ingeleta familia nyingine kijijini na pampu kubwa zaidi. Alitaka kujua kama maji yangetosha.

Marcelina aliteremsha boya, akafungua kisanduku na kukuta zile karatasi za sigara zimeoza. Akazitoa. Mara mashine ya kusaga iliyokuwa jirani ikawashwa, na namba ikaanza kuruka: mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu, kumi na mbili tena. Alitaka kuufunga waya karatasi nyingine, lakini wanawake walikuwa wamejaa kisimani na ndoo zao, kwa hiyo akakaa kuwasubiri huku macho yake yakiwa kwenye namba.

Asubuhi ile kumi na mbili ilitokea mara nyingi na kumi na tatu mara mojamoja. Ndoo zilivyozidi kuchota, namba hizo mbili zikawa zinagawana sawa. Baadaye kumi na tatu ikawa ndiyo inayotawala. Kisha mwenye mashine ya kusaga akaizima ili akale, na namba ikaganda palepale kwenye kumi na tatu, wakati wanawake bado wanachota na maji bado yanashuka.

Marcelina alisimama. Namba iliyotulia haikuwa imesema ukweli zaidi. Ilikuwa imenyamaza tu. Kule kutetemeka ndiko kulikoonyesha maji yako wapi kati ya ngazi na ngazi, mradi mtu asome mara nyingi na kuchukua wastani.

Aliporudi karakana alichagua katika mkebe wa Abbasi transista moja mbovu, iliyokuwa ikivuma, akaiunganisha ili umeme wa boya utetemeke kidogo makusudi. Akaongeza chipu ndogo ya kujumlisha vipimo kumi na sita na kutoa wastani. Kisanduku kilibaki kilekile, na betri haikuhisi kitu. Alipolinganisha na utepe wa kupimia ulioteremshwa kwenye kisima cha karibu, tofauti haikuzidi nusu ya upana wa kidole.

Furaha yake ilidumu mpaka alipogeuka ili amwambie mtu. Kwenye meza ya Abbasi hapakuwa na mtu.

Mashine ilirudi Usinge, na katika wiki chache ikaonyesha kwamba kisima kinapungua kila siku, kwa kiasi kidogo ambacho zamani kisingeonekana. Mzee Ngollo aliitisha mkutano, na kijiji kikakubaliana kuchimba kisima cha pili kabla ya kupokea wageni.

Mwanahawa ndiye aliyemwambia Marcelina kuwa Abbasi angepiga simu Ijumaa, kwenye duka la jamaa yao mwenye simu. Hakueleza kwa nini anamwalika. Walisubiri hadi alasiri. Mwanahawa alizungumza kwanza, kisha akampa mkono wa simu na kutoka nje.

Marcelina alimsimulia kila kitu kwa haraka, akiogopa laini kukatika. Upande wa pili Abbasi akacheka.

"Na mimi nilivyohangaika kuituliza."

"Ungekuwapo tungegundua mapema."

"Ningependa kuwapo. Marcelina, nilikupenda. Ulijua?"

"Nilijua. Nilisubiri useme."

"Wamenichumbia huku. Nimekubali."

Alimpa hongera, na sauti yake haikutetemeka. Akamuuliza afya yake, akamuuliza kama joto la huko ni kali, naye akajibu yote. Kisha laini ikakatika. Mwanahawa alipoingia alimkuta ameshika mkono wa simu, akauchukua taratibu, akamwekea kahawa, akakaa naye.

Mashine nyingine zilifuata, Nzega kwanza, kisha vijiji vya jirani. Mwaka uliofuata zamu ya Puge ilifika. Marcelina aliteremsha boya kwenye kisima alichochotea maji utotoni, na mama yake, Tekla, akaja kutazama namba zikiwaka.

"Nani alikufundisha haya, mwanangu?"

"Tulianza wawili, mama. Anaitwa Abbasi. Ni mtu wa Gongoni. Yuko Maskati sasa."

Marcelina hakuwa amewahi kulitaja jina lile nyumbani kwao. Mama alilirudia jina hilo taratibu. Kisha akamshika mkono, wakaenda kula.