Goti la Kokulinda

Kwa majuma matatu mfululizo risasi za Kokulinda zilianguka chini ya duara jeusi, na kwa majuma matatu Mzee Mihayo, mwalimu wa klabu ya shabaha, aliitwaa ile bastola ya upepo akaigeuza skrubu ya kulengea iliyo nyuma ili mdomo wake uinuke. Kisha alirudia neno lake la kila siku, kwamba mkono wa mwanamke umezoea ndoo, chuma haukijui. Wanaume waliokuwa wakingoja zamu walicheka.

Ilibaki nafasi moja tu ya mwanamke katika timu ya mkoa itakayokwenda Dodoma, nafasi ambayo binti huyu, mkata minofu ya samaki katika kiwanda kimoja cha Nyakato, alikuwa ameitamani kwa miaka miwili. Mzee alikwisha kutamka sharti lake: Jumamosi, risasi kumi, umbali wa mita kumi. Akipata alama tisini atakwenda. Zikipungua hata moja, atabaki Mwanza na samaki wake.

Lililomkera zaidi ni kwamba Mzee alipokuwa hayupo, risasi zilezile zilipaa juu ya duara. Dorcas, karani wa klabu na shoga wa Kokulinda, ndiye aliyeing'amua sababu. Alhamisi alimrekodi kwa simu akiwa mazoezini, kisha wakaketi benchini kuitazama video. Kikohozi cha Mzee kiliposikika mlangoni, goti la Kokulinda lililegea kiasi cha upana wa kidole, na mdomo wa bastola ukashuka nalo.

"Unamwamkia," Dorcas akasema. "Mwenzangu, unamwamkia mzee huku umeshika bastola."

Kokulinda aliirudisha video mwanzo, akalitazama goti lake tena. Mama yake, Mhaya wa Kagera, alimlea kwa goti: maji ya kunawa kwa goti, chakula kwa goti, shikamoo kwa goti, na akichelewa, sikio lilifinywa. Mwili wake ulilihifadhi somo hilo kama mtoto ahifadhivyo aya kabla hajaijua maana yake.

Jioni ile chumbani kwake alisimama ubavu, akiuelekezea ukuta bega la kulia, chupa ya maji mkononi, na nukta ya mkaa ukutani. Alifumba macho, akainua mkono, akafumbua. Mkono ulikuwa umeelekea kushoto ya nukta. Hakuusukuma, alisogeza mguu wa nyuma, akafumba tena, akainua tena, hata mkono ukawa unafika pale penyewe bila kulazimishwa. Kisha akamtaka Dorcas, aliyekuwa amefuatana naye, akohoe. Dorcas alikohoa mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa.

Jumamosi, katika ghala la zamani la pamba walilofanya uwanja wao, Kokulinda aliirudisha skrubu mahali pake pa asili, akasimama mstarini. Mzee alikuwa amechelewa. Risasi tano za kwanza zilimpa alama arobaini na saba.

Honi ya kivuko cha Kamanga ililia huko ziwani, na mara kikafuata kikohozi. Mzee aliingia, akaja kusimama nyuma yake.

"Siku hizi wazee hawasalimiwi?"

Wanaume wakaguna. Kokulinda aliuteremsha mkono mezani, macho hayakuondoka kwenye karatasi ya shabaha.

"Mwenye bastola mkononi hageuki nyuma, Mzee. Ulitufundisha wewe."

Goti lilitaka kushuka. Risasi ya sita ikampa nane. Alivuta pumzi, akasogeza mguu unene wa ukucha, akanyooka kama alifu. Mzee akakohoa tena, safari hii bila haja. Kumi. Tisa. Tisa. Kumi.

Aliiweka bastola chini, akahakikisha haina risasi, ndipo akageuka. Tisini na tatu.

"Nani amegusa skrubu?" Mzee akauliza.

"Mimi. Bastola haikuwa na kosa. Goti langu ndilo lililokuwa likikusalimu." Kisha, akiwa wima, akasema, "Shikamoo, Mzee."

Mzee aliyatazama magoti ya binti, akangoja. Ghala zima likangoja pamoja naye.

"Goti nitakupigia nyumbani kwako," Kokulinda akasema. "Hapa mstarini nasimama."

Mzee akaiendea karatasi, akaibandua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu matundu kwa ukucha mara mbili, kama atafutaye moja lililopotea. Halikupotea.

"Marahaba," akasema hatimaye, bila kumtazama, kisha akamgeukia karani. "Mwandike."

Dorcas aliligeuza daftari ili Mzee alione. Jina la Kokulinda alikuwa ameliandika tangu risasi ya sita, na wino wake ulikwisha kukauka.