Mgeni wa Nani

Usiku wa jana niliota nimekabidhiwa jembe mapokezi.

Naomba nieleze vizuri, maana mimi ni mtu wa takwimu na sipendi habari za kubabaisha. Niko Mwanza, likizo, siku tano. Nilitoka Dodoma na begi moja na karatasi moja niliyoiandika kwa mkono wangu: Mambo Saba ya Kufanya Mwanza. Moja, kupiga picha na Jiwe la Bismarck. Mbili, kula sato ufukweni. Tatu, kisiwa cha Saanane. Na kuendelea hivyo mpaka saba. Namba tano, Makumbusho ya Bujora, niliikata kwa kalamu nyekundu hata kabla sijapanda basi.

Sasa, kwenye ndoto ni asubuhi ya siku ya tatu, nashuka mapokezi kuulizia chai. Dada wa mapokezi, yule yule wa kila siku mwenye miwani, hanipi chai. Anainama chini ya meza, anatoa jembe lenye mpini mpya, analiweka juu ya kitabu cha wageni.

"Saini hapa, kaka."

"Jembe la nini?"

"Leo siku ya tatu."

"Mimi nimeandikisha siku tano."

"Wewe ni mgeni au si mgeni?"

"Ni mgeni."

"Mgeni siku mbili," akasema, akakigeuzia kitabu upande wangu. "Ya tatu unaijua mwenyewe. Saini."

Nikatazama nyuma. Wageni wenzangu walikuwa wameshapanga foleni, kila mmoja na jembe lake begani. Mzungu wa chumba namba sita alikuwemo, amejipaka mafuta ya jua, ametulia tuli. Nikaona aibu kuwa mbishi peke yangu. Nikasaini.

"Haya, nalima wapi?"

"Hilo kamuulize mwenyeji wako," akasema, akaendelea kukunja taulo.

Mwenyeji! Neno hilo sikutaka kulisikia.

Kwa sababu Mwanza mwenyeji ninaye. Shangazi Nyanjige, dada yake baba, anakaa Kisesa, na Kisesa ndiko iliko hiyo Bujora. Ukitoka pale makumbusho ukatembea kidogo tu, unaliona paa lake. Yeye ndiye aliyenilea miaka minne nikiwa shule ya msingi. Mume wake, Mzee Ngasa, ndiye aliyenifundisha kuogelea. Mzee alifariki mwaka juzi na sikwenda kumzika. Nilipiga simu nikasema naumwa, malaria imenilaza chali, kumbe niko semina Morogoro, nimevaa beji. Na Shangazi, akiwa pale pale kwenye mkeka wa msiba, alinipigia kila jioni wiki nzima kuniuliza kama nimekula, kama nimemeza dawa. Tangu siku hiyo sijaweza kukanyaga kwake hata kumpa pole. Ndiyo maana nimefikia nyumba ya wageni kama mtu asiye na ndugu. Ndiyo maana nilikata namba tano. Semeni mnavyotaka.

Nikatoka nje na jembe langu. Nje ya mlango hakuna barabara, kuna ziwa. Maji yananifika magotini ila viatu havilowi. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni jua: lilikuwa limekaa juu ya jiwe dogo la jirani, limekunja miguu, linasubiri zamu yake ya kupigwa picha.

Mbele yangu lilisimama Jiwe la Bismarck. Nikakumbuka kuangalia picha niliyopiga nalo siku ya kwanza. Nikafungua simu. Jiwe lipo, ziwa lipo, ndege yupo. Mimi sipo.

"Samahani," nikaliambia Jiwe, "picha yangu haikutokea."

"Imetokea," likasema Jiwe, kwa sauti ya karani aliyechoka. "Wewe ndiye hukutokea. Mgeni wa nani?"

"Mgeni tu."

"Hakuna mgeni tu. Nimesimama hapa miaka yote hii kwa mguu mmoja, sijawahi kuona mgeni tu. Wa nani?"

"Nimefikia nyumba ya wageni."

"Hicho ni kitanda. Mimi nimekuuliza mtu."

Mtu mzima kubanwa na jiwe mbele ya watu! Hata jua liligeuza shingo kunitazama.

Ndipo karatasi ikaanza kucheza mfukoni. Nikaitoa, na kutoka kwenye mstari wa tano akashuka mwanamke mfupi, mnene, anachechemea. Nilimjua kwa ule wino mwekundu, uliompita kifuani kutoka begani mpaka nyongani. Alikuwa Namba Tano.

"Umenikata," akasema.

"Ratiba ilikuwa imebana."

"Namba sita yako ni kulala mchana."

Ni kweli, namba sita ilikuwa kulala mchana.

"Huyu anaye mwenyeji," Namba Tano akaliambia Jiwe, "ila hataki kumtaja."

"Asiye na mwenyewe anakwenda bandarini," likasema Jiwe. "Anayefuata!"

Jua likashuka, likajiweka sawa, likatabasamu.

Sasa niko bandarini, kwenye mizigo. Sijui nimefikaje, na hakuna aliyeniuliza. Nimekaa sakafuni, jembe mapajani, katikati ya godoro la futi tano na tenga la kuku. Pimbi wawili, wale wanyama wadogo wa kwenye mawe, wamevaa vizibao vya njano na wanakagua mizigo. Mmoja ananibandika karatasi kwenye paji la uso. Siwezi kuisoma, nauliza imeandikwa nini.

"Mzigo usio na mwenyewe," linanijibu godoro. "Usijali. Mimi ni wa Ukerewe, mwenyewe amekwenda kunywa chai mara moja. Wako yuko wapi?"

"Anakuja," nasema. Uongo mwingine huo, na godoro linaugundua, maana linavuta pumzi ndefu na kusogea pembeni.

"Sikilizeni!" anapaza sauti pimbi mkubwa. "Honi zitalia tatu. Ya tatu ikilia, mzigo ambao haujachukuliwa unatupwa ziwani. Msije mkasema hamkuambiwa."

Honi ya kwanza ikalia palepale. Jamani! Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi ni mtu, si mzigo."

"Mtu wa nani?"

Yaani ni hilo hilo tu, mji mzima hauna swali lingine.

"Ukitupwa utaweza kuogelea?" akaniuliza pimbi mdogo, ambaye alionekana ana huruma.

"Nitaweza. Nilifundishwa."

"Na nani?"

"Mzee Ngasa."

Akaandika. "Basi mwite aje akuchukue."

"Alishafariki."

"Pole sana. Mlimzika wapi?"

"Kisesa. Ila mimi sikuwepo."

Kalamu ikasimama. Wote wakanitazama, pimbi wote wawili, godoro, na kuku wa kwenye tenga, kila mmoja kwa jicho moja. Sikujua pa kuuweka uso wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakachemka.

"Mimi namjua mwenyewe wake," akasema Namba Tano, ambaye kumbe alikuwa amenifuata. "Ngojeni nikamwite."

"Usiende!" nikapiga kelele. "Namba Tano, tafadhali! Nitakurudisha kwenye ratiba, nitaifuta namba sita!"

Hakugeuka. Alikwenda vile vile akichechemea, na ukumbi wa mizigo ukawa unajikunja mbele yake kama mkeka ili safari iwe fupi. Honi ya pili ikalia. Mtu wa Ukerewe akaja na kikombe chake mkononi, akalitia godoro kwapani, wakaondoka wakizungumza. Tenga la kuku nalo likachukuliwa. Nikabaki mimi.

Ndipo nikamwona Shangazi.

Alikuja kama anavyokujaga sokoni, khanga imefungwa kiunoni, mwiko mkononi, hana haraka. Hakunitazama mimi, alitazama karatasi ya kwenye paji langu.

"Huyo ni wangu," akasema.

"Una risiti, mama?"

"Mtoto hana risiti."

Pimbi wakashauriana. "Basi taja alama. Kila mtu anaweza kuja hapa akasema huyu ni wake."

Nilidhani hilo haliwezekani hata kidogo.

"Ana kovu goti la kushoto," akasema Shangazi. "Aliteleza juu ya mawe akiwa darasa la tatu. Akasema amesukumwa."

Wakapandisha suruali yangu. Kovu lipo.

"Alama ya pili?"

"Ni mwongo."

Pimbi mkubwa akakuna shavu. "Hiyo tutaithibitishaje, mama? Haionekani kwa macho."

"Muulizeni mwaka juzi alikuwa anaumwa nini."

Wakanigeukia. Kule nje nikasikia meli inavuta pumzi, inajiandaa kwa honi ya tatu. Ningeweza kusema malaria. Neno lilikuwa tayari limekaa mdomoni, nimelizoea. Nikamtazama Shangazi, na kwa mara ya kwanza naye akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule ule wa zamani wa kuniuliza kama nimekula.

"Sikuwa naumwa," nikasema.

Pimbi akanigonga mhuri shavuni, paa! "Alama zimelingana. Mama, chukua mzigo wako."

Shangazi akakunja khanga ikawa ngata, akaiweka kichwani, akaninyanyua na jembe langu, akanitwika. Nikamwambia, "Shangazi, mimi nina kilo themanini na mbili." Akaniambia, "Mzigo hauongei."

Kutoka kichwani kwake nikauona mji wote. Nyumba zimening'inia kwenye milima ya mawe, mabati yanawaka jua. Saanane ile pale, kivuko cha Kamanga kile kinakata maji, na ufukweni watu wanakula sato. Ratiba yangu nzima niliimaliza kwa dakika moja, na kulala mchana nikakuona upuuzi. Shangazi anatembea, hatikisiki, mikononi hajashika kitu zaidi ya mwiko.

Akanitua Kisesa, nyuma ya nyumba, mbele ya kaburi la sementi. Nyasi zimelizunguka, zinanifika kiunoni.

"Hapa ndipo pa kulima," akasema. "Nakwenda kubandika chai."

Nikalima. Nilianzia kichwani mwa kaburi, nikashuka upande wa kulia mpaka miguuni. Mpini ulikuwa mpya, ukanichubua. Chini ya udongo nilisikia maji yanacheza, na sauti ya Mzee Ngasa, ile ya miaka ile, inasema, "Acha kukaza mwili, Nkwabi. Piga miguu tu. Maji yatakubeba." Nikapiga jembe. Nililia, nasema wazi, nililia mpaka kamasi. Nikaliegemeza jembe kwenye sementi nijifute uso kabla sijaanza upande wa kushoto.

Honi ya tatu ikalia.

Nikaamka. Chumba namba nne, nyumba ya wageni, jua limeshaingia mpaka kitandani, na kweli huko ziwani meli ilikuwa inapiga honi. Nikajiambia, haya, ndoto. Sato wa usiku ana mafuta mengi. Nikanyoosha mkono kuchukua maji ya kunywa, mkono ukaniuma.

Kiganjani, chini ya kidole cha pete, lengelenge. Bichi, lina maji.

Nikakaa nikilitazama. Nikasema labda ni begi, lakini begi langu lina magurudumu. Nikaifungua karatasi. Mstari wa tano ulikuwa umekatwa kama nilivyoukata. Nikashika simu, nikaitafuta namba ambayo sikuwa nimeipiga kwa mwaka na nusu, nikaipiga haraka kabla sijapata sababu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Nkwabi."

Nikasikia kuku wake, nikasikia mfuniko wa sufuria.

"Shangazi, niko hapa Mwanza, leo siku ya tatu. Sikukuambia. Na Shangazi, ule msiba wa mzee..." Nikalitazama lengelenge. "Mimi sikuwa naumwa. Nilidanganya."

"Hilo ulishasema," akajibu Shangazi. "Njoo umalizie upande wa kushoto."