Kinu Kinachosaga Hewa

Tangu asubuhi hiyo ya Jumamosi Naliaka alikuwa hakai hasimami. Ofisini Hurlingham, kwa wapima ardhi aliowachorea ramani, alichora mpaka wa shamba la mtu mara tatu, na mara zote tatu ukaangukia mtoni. Saa sita ilipofika alijitwika mkoba wa vyombo vyake, akaona kupanda gari ni kujifungia mahali pamoja na wasiwasi wake, akateremka Valley Road kwa miguu. Angeulizwa haraka ni ya nini angekosa jibu, maana onyesho la muziki wake lilikuwa saa tisa.

Alichohofia hakikuwa onyesho. Maonyesho alishafanya kumi na moja, katika mabohari na magereji na mara moja juu ya paa. Watu walisikiliza, wengine wakaondoka wakisonya, naye akarudi Waithaka akalala usingizi wake. Leo baba yake alikuwa anakuja.

Mzee Tobias alikuwa ameendesha kinu cha posho kule Uthiru kwa miaka ishirini na sita. Kinu kiliwalisha watoto wake, kikawasomesha, na malipo yake kikayachukua masikio ya mzee, kidogo kidogo, kama panya anavyolimaliza gunia. Zilianza kupotea sauti nyembamba: ndege, simu, watoto, wanawake. Sasa zilizobaki ni zile nzito tu zinazopita kifuani kwanza, na daktari alisema hata hizo hazitakaa sana. Februari mwenye ploti aliiuza yajengwe maghorofa, kinu kikang'olewa. Keshokutwa, Jumatatu, mzee angepanda basi la kwenda kwao Kimilili, na safari hii hakuwa na mpango wa kurudi.

Wiki ile ya mwisho ya kinu Naliaka alikwenda na vinasa sauti vyake. Kimoja alikiweka mdomoni mwa kinu, panapomiminwa mahindi, kingine chini ya mota, kingine ndani ya gunia la unga. Baba yake alimtazama huku akiendelea kusaga. Jioni, walipokuwa wakifagia, ndipo aliposema.

"Mimi nilikaa kwa kelele miaka ishirini na sita ndio wewe ukae kwa ofisi imenyamaza. Sasa unakuja kuchota kelele yangu uende kuchezea watu?"

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. Naliaka alitaka kumwambia kwamba hachezi, kwamba mngurumo ule ndio uliombembeleza alipokuwa mdogo nyuma ya magunia, kwamba hajui njia nyingine ya kumwambia baba yake asante. Lakini mtu asiyesikia sauti nyembamba utamwelezaje, na yako ndiyo hiyo? Kwa hivyo alikaa chini akatunga. Ilimchukua miezi mitano kupata dakika ishirini, nzito mwanzo mpaka mwisho, zimepimwa kwa masikio ya mtu mmoja. Wengine wote watakaokuja leo, na wanisamehe, walikuwa wasindikizaji.

Ukumbi wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa stoo. Ulikuwa chini ya jengo kuukuu karibu na River Road, zamani yakiwekwa humo marobota ya vitambaa, na kwa kuwa bawabu alifunga geti saa kumi na mbili kamili, muziki wao ulipigwa mchana kweupe watake wasitake. Ivyne, rafiki yake aliyeandaa maonyesho hayo kila mwezi, alimkuta akipanda na kushuka ngazi kwa mara ya nne.

"Nali, si ukae chini? Unanipea stress na sikuwa nayo."

"Speaker zimefika?"

"Zimefika na mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Mbuthia. Spika kubwa walizoweza kuzipata zilikuwa za kanisa moja kule Waithaka, na kanisa lilikuwa na sharti moja, kwamba haziendi popote bila fundi wao. Mbuthia alikuwa mtu mzima, mpole, shati limechomekwa vizuri, na kazi yake kwa miaka kumi na tano ilikuwa kuua mivumo. Maikrofoni ikianza kupiga mluzi, aliuzima kabla mchungaji hajakunja uso. Alisimama nyuma ya mashine yake ya vitufe akiwatazama vijana wenye pete puani, akajikaza kiume.

"Bwana Mbuthia," Naliaka akamwambia, "yangu itavuma. Itavuma sana, tena chini kabisa. Hiyo si makosa, ndiyo wimbo wenyewe. Tafadhali usiguse kitu."

"Sitagusa, dada. Wewe ndio unajua."

Na alimaanisha. Hata msanii wa kwanza alipokwaruza bati kwa upinde wa fidla, na wa pili alipozigombanisha redio nne mbovu, Mbuthia alifumbata mikono na kumwachia Mungu.

Mzee Tobias aliingia watu wakinyoosha miguu. Alikuwa na suti yake ya kaki ya kanisani na kofia mkononi. Wale wale wenye pete puani walisimama wote kumpisha, wakamsalimu kwa mikono miwili, wakamkalisha kiti cha mbele kabisa. Naliaka, nyuma ya meza yake ya nyaya, alimpungia. Mzee akampungia, kisha akaiweka kofia magotini na kungoja, kama anavyongoja mtu aliyelipa tayari. Naliaka akapiga moyo konde, akabonyeza kitufe cha kwanza.

Kinu kikaamka. Kilianza chini sana, mota peke yake, kisha mshipi ukashika, na sakafu ya stoo ikaanza kutetemeka. Mzee akainua kichwa. Akapeleka kiganja nyuma ya sikio, akainama mbele, akakunja uso wote kwa bidii ya kushika kile kilichokuwa kinakuja.

Sasa, kanisani kwa Mbuthia, mzee wa kiti cha mbele akipeleka mkono sikioni na kukunja uso, maana yake ni moja: punguza, unatuua. Hata watoto wanaijua. Mbuthia alikuwa ametoa ahadi kwa dada, ni kweli, lakini mzee ni mzee, na hakulelewa kumtazama baba wa watu akiteseka ilhali kitufe kiko chini ya kidole chake. Akazishusha sauti nzito, taratibu, kwa adabu, hata hakuna aliyemwona.

Naliaka alisikia kinu kikikonda. Alidhani ni waya. Akaugusa huu, akaukaza ule. Kilichobaki kwenye spika ni mlio mwembamba wa juu, na wasikilizaji, waliokuwa wamekuja kusikia mambo ya ajabu, walitikisa vichwa wakiona ndivyo ilivyotungwa. Mzee aliushusha mkono. Akamtazama binti yake kwa ule uvumilivu wa kumtazama mtoto wa jirani akikariri shairi, na Naliaka akajua hasikii kitu.

Akamwita Mbuthia. Sauti yake ikamezwa. Akamwonyesha kwa kidole, chini, chini, akimaanisha zile za chini zirudi. Mbuthia akaelewa kwamba bado ni nyingi. Akashusha zilizosalia, akamwinulia dole gumba.

Mzee akasimama. Mlango ulikuwa kushoto, naye akaelekea kushoto. Naliaka aliona miezi mitano inamtoka hivyo hivyo, akaona na Jumatatu, basi, na Kimilili, na baba yake akienda nayo hadi kaburini fikira kwamba bintiye aliyafanyia mzaha masikio yake. Alitaka kulia. Aliendelea kubonyeza vitufe kwa sababu mikono haikujua la kufanya jingine.

Lakini mzee hakufika mlangoni. Alisimama penye spika, iliyokuwa ndefu kumpita, akaiwekea kiganja bapa ubavuni. Watu wakatazamana. Naliaka peke yake alielewa, kwa kuwa alimwona akifanya hivyo kila asubuhi ya utoto wake. Kinu hakisikilizwi kwa sikio, hushikwa. Mzee akamgeukia Mbuthia na kusema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anavyosema:

"Fundi, hii mashini inasaga hewa. Mahindi iko wapi?"

Kinu kisicho na mahindi hulia juu, chembamba, hasara tupu. Ukikimwagia nafaka hushuka na kunguruma. Hapo stoo walielewa wachache, lakini Mbuthia alielewa mara moja, maana ndiye aliyeyaondoa.

"Mzee, nilipunguza nikiona inakuumiza masikio."

Tobias aliyasoma midomoni mwake. "Weka mahindi," akasema.

Mbuthia akaweka yote. Mngurumo ulirudi kupitia sakafuni, chupa za soda zikaanza kutembea mezani, vumbi la vitambaa vya miaka hiyo likashuka kutoka darini. Mzee hakukitoa kiganja. Alifumba macho, na midomo yake ikawa inahesabu kitu, labda madebe.

Dakika ya kumi na nne ilikuwa na kasoro. Siku ya kurekodi mteja mmoja alileta mahindi mabichi, chekeche likaziba na kinu kikaanza kukwama. Naliaka aliipenda sehemu hiyo, akapanga kinu kikwame dakika nzima. Mzee alipoisikia, mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukashika hewani pale panapokuwa na kibati cha kuzuia mahindi, ukakisukuma ndani. Kinu kinachokwama hupunguziwa, hilo halihitaji kufikiriwa.

Naliaka aliuona mkono ule. Mpango wake wote ulikuwa kwenye karatasi mbele yake, umeandikwa sekunde kwa sekunde. Akaachana nao. Akapunguza, kiasi kile kile cha mkono, na kinu kikapumua.

Mzee akafumbua macho. Akamtazama, akakivuta kile kibati kisichokuwepo, nusu. Naliaka akaongeza nusu. Akakivuta chote, binti akaongeza yote. Mzee akakifunga ghafla, makusudi, kumtega, na akamkuta yuko papo hapo. Akamtega tena, akamkuta tena, na safari hii mzee alicheka. Dakika ishirini zilipita, zikawa thelathini, Ivyne akionyesha saa yake kule nyuma na hakuna aliyemjali.

Mzee alipokifunga kibati mara ya mwisho, Naliaka alikiacha kinu kizunguke chenyewe, bila nguvu, mpaka kikanyamaza. Hakuna aliyepiga makofi, maana mzee alikuwa bado kazini. Alikinga mkono chini ya spika, pale unga ungetokea, akasugua dole gumba kwa kidole cha shahada.

"Mama," akasema. Ndivyo alivyomwita, kwa kuwa alibeba jina la nyanyake. "Mimi nilidhani unanicheka."

Naliaka akatikisa kichwa kukataa.

Mzee akakivuta kiti chake, akakisogeza mpaka kwenye spika, akaketi mgongo wake ukiigusa.

"Saga tena," akasema.