Grupu la Simu za Wazazi

"Kakataa isale? Huyo binti hana adabu!" Sauti ya Mzee Rogath ilitoka kwenye simu kama yumo jikoni. "Madamu, kitabu gani hiki mnawasomesha watoto wetu?"

Leonia, mwalimu wa kujitolea, aliendelea kumenya ndizi. Shule ilikuwa na nakala moja tu ya riwaya ile, kwa hiyo kila jioni alipiga picha kurasa chache akazituma kwenye grupu la wasomaji. Wanafunzi hawaruhusiwi simu. Walisomea kwenye za wazazi wao. Tangu grupu lianze, hakuna mtoto aliyeandika neno. Sasa wazazi ndio waliokuwa wakijadili.

Riwayani, baba alimpiga bintiye sokoni, mbele ya watu, kisha akamtuma shangazi na jani la isale kuomba msamaha. Huku Kibosho, ukiletewa isale hukatai. Binti alilitazama, akaingia ndani. Leonia aliwauliza: je, alipaswa kulipokea?

"Apokee yaishe," aliandika Baba Herbert.

"Wewe mwenyewe ulirudishiwa lako na mkeo," akajibu Mama Martha. "Tulia."

Wakacheka. Halafu simu ya Mzee Rogath ikaleta maneno mengine: *Asipokee. Uso bado unamuuma. Ni mimi Evaline.*

Leonia aliyasoma. Alipotaka kuyasoma tena, yalikwishafutwa.

Alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Akaosha mikono, utomvu ukakataa kutoka.

Asubuhi mkuu wa shule alimwita. "Enhe, Madamu. Tulikubaliana, mwanafunzi hata mmoja akichangia, grupu linabaki. Wazazi wananipigia tangu alfajiri. Nionyeshe basi."

Mzee Rogath, babake Evaline, alikuwa mjumbe wa bodi ya shule, na mkono wake mwepesi ulijulikana mpaka kijiji cha pili.

"Hakuna, Mkuu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi livunje."

Akawaondoa mmoja mmoja, kama mtu anayepukuchua mahindi huku akiwaza mambo mengine. Kumbe hakuwa akiwaza lolote. Mkuu alipotangaza kwenye paredi kwamba watoto wa siku hizi hawana la kusema juu ya kitabu, Leonia aliangalia viatu vyake vyenye tope.

Jioni, wengine walipokwisha kufagia, Evaline alibaki kwenye mlango wa maktaba, chumba chenye kabati moja, benchi na majembe ya shule. Leonia alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Baba aliona?"

"Hakuona. Alikuwa zizini." Binti alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Mkuu kasema hakuna aliyechangia."

"Nilimwambia mimi hivyo."

"Lakini mimi nilichangia."

Leonia angeweza kusema alimficha kwa kumhurumia. Ilikuwa kweli, lakini kinywani ilikaa kama ugali uliopoa.

"Ulichangia," akasema. "Niliyasoma."

"Yote?"

"Yote niliyoyawahi."

"Kuna mengine sikuyaandika."

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na barabara ya chini haikuonekana tena. Evaline aliigeukia hata hivyo, akasikiliza kama kuna anayekuja. Kisha akaingia, akakaa mwisho kabisa wa benchi, akaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Yule binti," akaanza, kwa sauti ndogo, "alipoingia ndani, mlango hakuufunga."