Mjane wa Vita

Theopista alikuwa amepiga magoti ndani ya msonge wa tatu, akitandaza nyasi mbichi sakafuni, meneja alipoinama mlangoni na kumwomba waseme kidogo. Nyasi zilikuwa bado na umande. Wageni wa hoteli ile walipenda kuvua viatu na kuzikanyaga, wakisema zinanukia. Muleba nzima watu walikulia juu ya nyasi kama hizo, lakini hapa wengine walipanda ndege kuzifuata, na nyumba aliyoitandika Theopista ndiyo iliyosifiwa kila mara. Alijivuna, ila hakuonyesha.

Hoteli ilijengwa ndani ya hifadhi, pembeni mwa ziwa, kusini ya Kemondo. Taa zake ziliwaka kwa jua, na maji ya kuoga yalipashwa na jua hilohilo. Kibao kikubwa njiani kilisema hapakukatwa mti hata mmoja. Ilikuwa kweli. Ila tangu hifadhi itangazwe, mwanamke aliyekutwa msituni na mzigo wa kuni kavu alipelekwa kwa bwana afisa, na hakurudi nyumbani mpaka jogoo wake amehamia kwa afisa. Sukari ilikuwa imepanda tena, mafuta ya taa hayashikiki, kahawa imeanguka bei. Mshahara wa kutandaza nyasi ndio uliomweka shuleni Joviana, binti yake wa miaka tisa.

Meneja, Nathanieli, kijana wa Bukoba mjini, hakuwa mtu mbaya. Alieleza macho yakiwa kwenye nyasi. Mwenye hoteli alikuwa ameleta habari kutoka Dar es Salaam: wageni wamesoma magazetini mambo ya Kagera, wameanza kuulizauliza. Asionekane tena jikoni wala vyumbani mtu aliyetoka kwenye nyumba yenye ule ugonjwa. Bernadeta wa kufua alikuwa ameshaambiwa jana yake.

Lakini yeye, alisema Nathanieli, alitaka abaki. Kulikuwa na mama mmoja mgeni aliyeomba kunywa chai na mwanamke anayetandika nyasi. Angemwuliza habari za mume. Wageni huwa wanauliza.

"Sema alikufa vitani, Ma Theopista. Si alipigana kweli?"

Kagaruki alipigana kweli. Aliondoka na mgambo, akafika Kampala, akarudi mzima, mikono mitupu. Akaezeka nyumba, akapanda kahawa, akamzaa Joviana. Ugonjwa ulimkuta miaka mingi baada ya risasi kumkosa. Siku hizo watu bado waliuita Juliana, na walipita mbali na mlango. Theopista alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamsalia rozari mpaka pumzi ya mwisho. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya vizuri kuliko hiyo.

"Alikufa vitani mwaka gani?" aliuliza.

"Sabini na tisa. Mwaka wa vita."

"Na Joviana nimemzaa na nani?"

Nathanieli alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Waitu, mama yangu, wageni hawamjui Joviana."

"Shemeji zangu wanamjua. Wanangoja neno kama hilo tu wamtoe kwenye kibanja cha kahawa cha baba yake."

Nathanieli alisema hayo ni maneno ya mezani, hayatavuka geti. Theopista alirudi kwenye nyasi zake, naye Nathanieli akadhani amekubaliwa.

Chai iliandaliwa barazani, ziwa likionekana lote. Mgeni alikuwa mama mwenye mvi, mpole. Alisimama kumsalimia na kumvutia kiti. Aliuliza nani alimfundisha kazi ile, nyasi hukatwa wapi. Nathanieli alitafsiri huku na huku, wakacheka mara mbili. Kisha mgeni akashusha sauti, na Theopista akalijua swali kabla halijatafsiriwa.

"Alikufa kwa Ukimwi," alisema taratibu. "Nilimuuguza mwenyewe, nyumbani."

Nathanieli aligeuka akatafsiri. Alichukua muda mrefu, na katikati ya maneno mikono yake ikashika bunduki isiyokuwepo. Theopista hakujua Kiingereza, lakini nyuso alizijua. Alimwona mgeni akinyoosha mgongo, akiweka mkono kifuani, akiinamisha kichwa kama mtu aliye mbele ya bendera. Hakuna aliyemwinamia Kagaruki hivyo alipokuwa kitandani.

Angeweza kunyamaza. Uongo haukutoka kinywani mwake. Hata kwa padre asingekuwa na la kuungama. Joviana angeendelea na shule. Lakini pale mezani, mbele ya macho yake, mume wake alikuwa amezikwa Uganda na mtoto wake amekosa baba.

Neno moja la Kiingereza alilijua. Kagera nzima ililijua. Liliandikwa kwenye milango ya magari ya miradi na kwenye kuta za zahanati.

"Eidsi," alimwambia mgeni, akimtazama usoni. Akaionyesha mikono ya meneja, akatikisa kichwa. "Si vita. Mume wangu, eidsi."

Mgeni alielewa. Hakushtuka, hakuinuka. Alisema neno moja la upole, akakirudisha mezani kikombe alichomiminiwa na Theopista, kikiwa kimejaa, akakisogeza kando kwa vidole viwili. Hakukigusa tena.

Jikoni, Nathanieli hakumgombeza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kesho asije.

"Ungeniachia mimi ule uongo. Ningeubeba mimi."

"Wewe ungeubeba mpaka chai iishe, mwanangu. Joviana angezeeka nao."

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Hakutokea mlango wa jikoni. Alipita njia ya wageni, katikati ya maua, mbele ya baraza, akitembea kama anayetoka kanisani.

Getini, askari Aroni aliinuka kumwambia wafanyakazi wanapita nyuma. Alipomwona usoni akaacha, akanyanyua boriti ya njia.

"Kesho, Ma Theopista?"

"Sirudi. Wakikuuliza aliyepita hapa ni nani, sema ni mjane wa Kagaruki. Na kilichomuua Kagaruki usikifiche."

Aroni, aliyekuwa amezika kaka zake wawili, alivua kofia.

"Kasinge, mama," alisema, kwa salamu ya heshima ya Kihaya, akaendelea kuishikilia ile boriti juu hata baada ya mama kupita.